Mkono Uliokataa Kunyooka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Evelina aliwasha moto wa kuni nyuma ya nyumba yao pale Igoma, akabandika karai kubwa jeusi na kumimina mafuta. Wakati huo mama yake, Wilhelmina, alikuwa anarudi kutoka kwenye lango la kiwanda cha samaki, ndoo kichwani, amenunua mapanki. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa. Minofu ilipakiwa kwenye barafu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa na vichwa vilikuja Igoma. Wilhelmina aliviosha, akavitia chumvi, akavikaanga mpaka vikakauka, na jioni akaviuza kando ya barabara ya Musoma.

Biashara hiyo ilianza baada ya baba yake Evelina, Shigela, kupunguzwa kazini. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo tangu ujana wake. Kisha wakaitwa uwanjani, wakaambiwa kwamba serikali haina uwezo tena wa kuendesha kiwanda, na kila mtu akatafute riziki yake. Tangu hapo Shigela alikaa chini ya kibanda cha mabati karibu na stendi, akiziba pancha za baiskeli. Hakuwa msemaji hata zamani. Sasa alisema kidogo zaidi.

Evelina alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba Mwalimu Nkwabi alimpa chaki aandike ubaoni badala yake. Rafiki yake Yasmin alimpitia kila siku. "Eve, tumechelewa!" alipiga kelele kutoka uchochoroni, nao wakaondoka mbio.

Mwaka ule wa 1995 masika yalikuwa makubwa. Asubuhi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, kwa hiyo moto ukahamishiwa barazani, ambako sakafu ilikuwa imebomoka. Karai lilikaa upande juu ya mafiga. Evelina aliinama kugeuza vipande. Figa moja likateleza, karai likapinduka, na mafuta yaliyokuwa yanachemka yakammwagikia mkono wa kulia, kuanzia juu ya kiwiko hadi kwenye vidole.

Yowe lake lilisikika mpaka barabarani. Majirani walikuja mbio. Mmoja alileta mayai mabichi, mwingine dawa ya meno ampake.

"Acheni!" Shigela alisema kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kuusikia. "Msimpake kitu. Maji tu!"

Alimwinua mtoto wake, akamketisha kando ya pipa la maji ya mvua, akaanza kuumwagia mkono maji taratibu, kata baada ya kata, mpaka Yasmin alipopata pikapu ya kuwapeleka hospitali.

Evelina alilazwa mpaka masika yakaisha. Madaktari walichuna ngozi nyembamba kutoka pajani mwake na kuipachika kwenye mkono. Kila siku ya kubadilisha bandeji aliuma shuka. Mama yake alilala sakafuni chini ya kitanda chake, na hakurudi Igoma isipokuwa kufua. Alinyong'onyea, magauni yakampwaya.

Kidonda kilipoanza kupona, walikabidhiwa kwa Bi. Odeta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, wala hakupenda kupamba maneno. Aliwaketisha wazazi wote wawili, akaushika mkono wa Evelina.

"Tazameni," alisema. "Mkono ulioungua unapenda kukunjwa. Ukiukunja, maumivu yanapungua. Lakini ninyi ni Wasukuma, mnajua ngozi ya ng'ombe. Ukiianika bila kuiwamba inakuwaje?"

"Inajikunja," Shigela alijibu.

"Ikishakauka hivyo?"

"Hainyooki tena."

"Basi, hata hii ni ngozi. Kila asubuhi na kila jioni mtaupaka mafuta, mtaunyoosha polepole hadi mwisho, mtafungua vidole kimoja kimoja. Wakati wa kulala atafungwa hili banzi la plasta ili mkono usijikunje. Na kila wiki mtakuja kuniona."

"Atalia?" Wilhelmina aliuliza.

"Atalia sana, mama. Pengine atawachukia. Mfarijini, mwimbieni, mpeni peremende, lakini msiache."

Basi wakarudi nyumbani, na kazi hiyo aliichukua Shigela. Kabla ya kwenda kibandani kwake alimketisha Evelina kwenye kigoda, akaipaka mafuta mikono yake migumu, akashika kiwiko na kifundo cha mkono, akaanza kunyoosha.

"Baba, subiri kwanza!"

"Vuta pumzi, mwanangu."

"Baba, inachanika! Nimesema inachanika!"

"Haichaniki. Inafunguka. Bado kidogo."

Kelele zake zilivuka ua. Majirani walimsema Shigela waziwazi, kwamba tangu afukuzwe kiwandani hasira zake anazimalizia kwa mtoto. Wilhelmina aliingia ndani na kuziba masikio kwa kanga. Baadaye alimwambia mumewe, "Wewe una moyo wa jiwe. Mtoto ameshaungua, unataka nini tena?"

Siku moja maumivu yalipomzidi, Evelina alimtazama baba yake usoni, akapayuka, "Nakuchukia! Bora ungeungua wewe!"

Wilhelmina aliyekuwa mlangoni alishtuka.  Shigela aliendelea kuushika mkono vilevile mpaka zoezi likaisha, akaufuta mafuta, akaondoka. Chai yake aliiacha mezani. Evelina aliiona ikipoa, akajua amesema neno baya. Lakini mkono ulikuwa unamuuma mno, hakuweza kumhurumia mtu mwingine.

Hata hivyo, mkono ulikuwa unanyooka. Kufikia mwezi wa saba aliweza kushika kikombe. Alirudi shule, na Mwalimu Nkwabi akamweka dawati la mbele, kwa sababu mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa unakaribia.

Ndipo Shigela alipopata kibarua cha ufundi huko Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Ilikuwa kazi ya mitambo, kazi aliyoijua, na tangu kiwanda kifungwe hakuwa amepata nyingine kama hiyo. Asingeweza kurudi mpaka iishe. Kabla ya kuondoka alimfundisha mke wake.

"Shika hapa na hapa. Usiishie pale anapoanza kulia," alimwambia. "Anapolia ndipo kazi inapoanza."

"Nimeelewa," Wilhelmina alisema.

Asubuhi iliyofuata alijaribu. Evelina alipiga yowe, na mama yake akauachia mkono kana kwamba umemuunguza yeye. Alimkumbatia binti yake, wakalia wote.

"Basi, mwanangu. Basi. Tutafanya jioni."

Jioni walifanya kidogo. Kesho yake wakafanya kidogo zaidi. Evelina alikuwa mtoto mwerevu. Alitambua kwamba na baba yake machozi hayakusaidia kitu, lakini na mama yake yalisaidia mara moja. Akaanza kulia hata kabla hajashikwa. Haikupita muda, mazoezi yakakoma. Banzi la plasta lilimwasha, mama akalitoa, akaliweka juu ya kabati. Mahali pake alimfungia kanga shingoni, mkono ukalala umekunjwa kifuani, pasipo maumivu.

"Tunaupumzisha," Wilhelmina alisema.

"Ndiyo, mama," Evelina alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu aungue alipata usingizi mzuri.

Hospitali nako waliacha kwenda. Wiki ya kwanza Wilhelmina alisema ana mapanki mengi ya kukaanga. Wiki ya pili hakusema kitu. Wote wawili walimwogopa Bi. Odeta, na kila wiki iliyopita iliwaongezea woga.

Yasmin aliona. Siku moja wakitoka shule alimshika bega.

"Eve, mbona mkono umejikunja hivyo? Mwezi uliopita ulikuwa unabeba daftari."

"Unapumzika."

"Nani kasema? Yule mama wa mazoezi?"

"Wewe ni daktari?" Evelina alifoka. "Hujui hata inavyouma. Usimwambie mtu."

Yasmin aliondoa mkono wake begani, akatangulia mbele njia nzima.

Shigela alirudi Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa nane, ana mfuko wa viazi vitamu begani. Magari ya kampeni yalikuwa yanapita barabarani na vipaza sauti, kwa kuwa mwaka huo nchi ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa vyama vingi, na watoto walikuwa wanayakimbilia kuokota vipeperushi. Evelina alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkono wangu haujambo?" Aliuita wangu. Aliweka mfuko chini, akaifungua ile kanga taratibu. "Nyoosha."

Evelina alijaribu. Kiwiko hakikusogea. Ngozi iliyopona ilikuwa imejivuta kutoka mkono wa juu hadi wa chini, ngumu, imekaza kama kamba. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelalia kiganja.

Shigela hakufoka. Alikishika kile kiwiko kwa muda mrefu, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi. Kisha aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba. Evelina alimsubiri arudi. Alipoona harudi, alichungulia. Baba yake alikuwa amesimama ameegemea ukuta kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika.

Evelina hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku aliyorudi kutoka kiwandani bila kazi.

Jumatatu walikwenda hospitali wote watatu. Bi. Odeta aliupima mkono, akaugeuza huku na huku, akavua miwani.

"Mlikuwa mnafanya mazoezi?"

"Kila siku," Wilhelmina alijibu haraka. "Asubuhi na jioni. Umejikunja wenyewe tu."

 Bi. Odeta alimgeukia Evelina. "Nawe unasemaje?"

Evelina aliangalia sakafu. Alimwona mama yake anamkodolea macho, anamwomba. Alimwona pia baba yake akikunjakunja kofia mikononi. Kuitikia "ndiyo" kungekuwa rahisi, na huenda pangeishia hapo.

"Hapana," alisema. "Hatukufanya. Nilikuwa nalia ili mama aache. Banzi liko juu ya kabati."

Wilhelmina alifunika uso kwa kanga.

"Vizuri umesema," Bi. Odeta alisema, na sauti yake haikuwa kali tena, ilikuwa imechoka. "Laiti ungesema mapema. Hata kama ungenyamaza wiki moja, mbili, bado tungeurudisha kwa mazoezi tu, bila kupasua. Kama ningedhani mazoezi mmefanya na hayakufaa, ningewapa tiba isiyo yake, na mkono ungepotea kabisa. Sasa lazima apasuliwe tena, ngozi ikatwe, apachikwe nyingine."

"Baada ya mtihani?" Evelina aliuliza.

Bi. Odeta alitikisa kichwa. "Viungo vya vidole vimeanza kukaza. Tukisubiri, havitafunguka."

Kwa hiyo wiki ambayo wenzake wa darasa la saba walifanya mtihani, Evelina alikuwa wodini, bandeji kwenye paja la pili. Yasmin alimtembelea alasiri, bado amevaa sare, wino kwenye vidole.

"Hesabu zilikuwa ngumu," Yasmin alisema. "Kiswahili chepesi. Insha ilikuwa..." Akasita. Aliona maneno yake yanavyomchoma mwenzake. "Mwalimu Nkwabi amekwenda ofisi ya elimu kukuombea. Anasema wataruhusu urudie mwakani, kwa sababu ya ugonjwa."

"Nirudie na darasa la akina Khalidi?"

Khalidi alikuwa mdogo wake Yasmin.  Yasmin aliweka machungwa mawili juu ya meza ndogo, akakaa tu. Evelina aligeukia ukutani. Hakutaka rafiki yake aondoke, wala hakutaka kumtazama.

Evelina aliporudi nyumbani, Shigela alikuwa ameitwa tena Kigongo, sasa kwa ruhusa ya kurudi kila mwisho wa wiki. Safari hii alitaka kukataa ile kazi, lakini Wilhelmina alimzuia.

"Nenda," alimwambia. "Mkono niachie."

"Mama Evelina..."

"Nimesema niachie. Kila wiki ukija, utaupima mwenyewe."

Asubuhi ya kwanza alimketisha binti yake kwenye kigoda kile kile. Alipaka mafuta. Alishika kifundo, kikamteleza, akakishika tena. Alipoanza kunyoosha, Evelina alipiga kelele, na mara moja mama yake akalegeza.

 Jasho lilikuwa linamtoka Evelina puani. "Endelea, mama," alisema.

"Unaumia."

"Naumia. Endelea hivyo hivyo. Hata nikisema acha, usiache."

Wilhelmina aliendelea. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alianza kuimba wimbo wa kupalilia wa kwao Bujora, kwa sauti iliyokatika, na Evelina akamfuata, nusu kuimba, nusu kulia. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akasema, "Na wewe mama umekuwa kama mumeo!" Wilhelmina hakugeuka hata kumtazama.

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi iliyobaki ya mwaka ule. Uchaguzi ulipita, mvua za vuli zikaja, sangara wakaendelea kupanda ndege. Kila Shigela aliporudi alisema neno lile lile, "Nyoosha," na kila mara mkono ulikwenda mbele kidogo. Jumapili moja Evelina alimwambia, huku anaangalia pembeni, "Baba, lile neno nililosema siku ile..."

"Neno gani?" Shigela aliuliza. "Mimi nilikuwa nasikiliza kiwiko."

Lakini alimshika kichwa, akakaa naye hivyo hadi chai ilipoiva.

Mwezi wa kwanza majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa ukutani pale shuleni. Jina la Yasmin lilikuwamo. Evelina alikwenda naye kulisoma, akampa mkono wa kushoto kumpongeza, akamsindikiza mpaka kwao. Kisha akaenda kuomba dawati katika darasa la akina Khalidi.

Wiki hiyo hiyo Bi. Odeta aliupima mkono kwa mara ya mwisho. Kiwiko kilinyooka, ingawa si mpaka mwisho. Kidole cha mwisho kilibaki kimepinda, naye akasema hakitabadilika. Evelina ataweza kuandika, kufua, kusuka ukili. Kurusha mpira golini kama zamani hataweza. Makovu yatabaki.

"Msingeacha mazoezi, ungekuwa umenyooka wote," Bi. Odeta alisema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Lakini mmeuokoa. Wengi hawarudi kama ninyi mlivyorudi."

Nje ya hospitali mama na binti waliketi juu ya ukuta mfupi kupumzika. Chini yao ziwa lilikuwa limetulia. Wilhelmina aliuchukua ule mkono, akauweka mapajani pake, akapitisha kidole juu ya makovu.

"Wazee wetu wana msemo," alisema. "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Miaka yote nilidhani ni msemo wa viboko, na mimi sipendi kumpiga mtoto. Kumbe ni msemo wa dawa. Baba yako alivumilia kuchukiwa ili upone. Mimi nilitaka unipende, nikakulemaza. Huruma yangu imekunyima mwaka mzima."

"Hata mimi nilijua, mama," Evelina alisema polepole. "Nilijua nikilia utaacha. Nikalia makusudi."

Wilhelmina aliitikia kwa kichwa. Hakumkemea, wala hakukana.

"Basi kila mmoja amechukua fungu lake," alisema. "Anayeumwa asimdanganye anayemtibu, na anayemuuguza mtu asikimbie kilio chake. Ukiwa na watoto wako utakumbuka. Siku wakilia, lia nao. Lakini usiwaachie mkono."

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akambebesha Evelina kikapu. Alimpa aushike kwa mkono wa kulia.